Ndege ya mita moja: modeli za ofisini na za makumbusho zinavyofikiriwa, na zinapokosewa

Oda nyingi za modeli za ndege huanza na maneno yale yale: "Tunataka ndege ya mita moja, ikae pale mapokezi." Anayesema hivyo hana kosa. Ameipima meza, ameona nafasi iliyobaki, amekadiria. Lakini fundi akisikia "mita moja" hujua kazi imeanzia mwisho. Mita moja ya ndege gani? Na atakayeitazama atakuwa amesimama wapi?

Chukua shirika lenye ndege za aina tatu: ATR 72 yenye urefu wa mita 27, Boeing 737-800 ya mita 39.5, na Boeing 787-8 ya karibu mita 57. Agiza zote kwa urefu wa mita moja, uzipange ukutani. Mgeni akiingia ataona ndugu watatu waliolingana kimo. Ile ndogo ya mapangaboi, ya safari za karibu, itasimama sawasawa na ile inayovuka bahari, na mapangaboi yake yataonekana makubwa kupita injini za mwenzake. Sababu ni kwamba ya kwanza imepunguzwa mara 27, ya pili mara 39.5, ya tatu mara 57. Kila moja peke yake ni sahihi. Zikiwa pamoja, zinadanganya. Zitengeneze zote kwa skeli ya 1:50 na ATR itakuwa na sentimita 54, 737 sentimita 79, na 787 sentimita 113. Sasa hakuna haja ya kibao cha maelezo. Mgeni anaona mwenyewe ipi ni kubwa na ipi ni ndogo.

Kwa hiyo kabla ya mbao, rezini (plastiki ya majimaji inayomwagwa ikaganda) au rangi, kuna maswali mawili: modeli itasimama karibu na nini, na jicho litakuwa umbali gani. Karibu kila uamuzi unaofuata unatokana na hayo mawili.

Namba zisizo na mantiki, zenye mantiki

Skeli ni uwiano tu. Katika 1:100, sentimita moja ya modeli inasimama badala ya mita moja ya ndege. Hesabu nyepesi, na ndiyo maana 1:100 na 1:200 zimeenea mno kwenye modeli za mezani. 737-800 katika 1:200 ina sentimita 20, inakaa pembeni ya kompyuta bila kumsumbua mtu. Katika 1:100 inafika karibu sentimita 40, na hapo inahitaji meza yake.

Mbona basi wapenzi wa modeli wameng'ang'ania 1:72, 1:48 na 1:144? Jibu liko kwenye futi na inchi. Futi sita ni inchi 72, na futi sita ni kimo cha mtu mrefu. Kwa hiyo katika 1:72 rubani ana kimo cha inchi moja. 1:48 ni robo inchi kwa kila futi. 1:144 ni nusu ya 1:72. Waingereza walikuwa wakiuza modeli za 1:72 tangu miaka ya 1930, kisha vita ikaipa skeli hiyo kazi nyingine kabisa. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao kwa 1:72, zipakwe rangi nyeusi, ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya adui na ya kwao kwa umbo tu. Hazikuwa na madirisha. Hazikuwa na mistari ya bati. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye modeli ya 1:72, ni kama unaitazama ndege kamili iliyo mita 720 mbali, na kwa umbali huo askari hahitaji kuona dirisha. Anahitaji kuona bawa limekaaje na mkia umechongwaje.

Modeli zile zilikuwa sahihi kuliko nyingi za kifahari zinazowekwa kwenye vyumba vya wakurugenzi leo. Waliozibuni walijua hasa nani atazitazama, akiwa wapi, na anatafuta nini.

Uzito haufuati urefu

Hapa ndipo watu wengi huteleza, hata wahandisi. Ukipunguza urefu mara 100, eneo la uso linapungua mara 10,000 na ujazo mara milioni moja. Airbus A380 inaruhusiwa kupaa ikiwa na takriban tani 575. Igawanye kwa milioni moja, unapata gramu 575. Yaani modeli ya A380 katika 1:100, yenye mabawa ya sentimita 80 kutoka ncha hadi ncha, ingekuwa na uzito wa nusu kilo na ushei kama ingeiga kila kitu. Lakini mwaga rezini ndani ya umbo hilo bila kuacha uwazi na, kwa hesabu ya haraka, utapata zaidi ya kilo tatu. Ndege halisi ni bomba la hewa lililozungushiwa bati jembamba. Modeli iliyojaa rezini ndani ni gogo. Ndiyo maana modeli kubwa hutengenezwa kwa ganda la fibaglasi lenye mbavu za ndani, kama jahazi, na si kwa kumwaga.

Ukienda upande wa pili, kwenye modeli kubwa kabisa, hesabu hiyo inageuka kuwa kali zaidi. Kwenye lango la uwanja wa ndege wa Heathrow, London, kwa miaka mingi palikuwa na modeli kubwa ya Concorde, ndege ya abiria iliyoipita kasi ya sauti, katika rangi za British Airways. Sasa iko kwenye makumbusho ya Brooklands. Mwaka 2008 mahali pake pakachukuliwa na A380 ya rangi za Emirates, theluthi moja ya ukubwa wa ndege yenyewe. Theluthi ya urefu ni sehemu moja ya 27 ya ujazo. A380 tupu, bila abiria wala mafuta, ina tani 277 hivi. Gawanya kwa 27, unapata tani kumi na kidogo. Modeli ile ina tani 45. Haina injini, haina viti, haiendi popote, na bado ni nzito mara nne kuliko inavyopaswa. Nini kimeongezwa? Chuma. Ndege halisi upepo ukivuma huelekezwa, hufungwa, au huondoka. Modeli iliyo juu ya nguzo barabarani haina pa kukimbilia. Inaupokea kila upepo, mchana na usiku, kwa mabawa yaliyobuniwa mahsusi yanyanyuliwe na upepo.

Uongo wa lazima

Watu husifu modeli kwa kusema "kila kitu kipo sawasawa na ndege". Hakuna modeli ya namna hiyo, na ingekuwepo ingependeza kidogo sana.

Fikiria mwanya kati ya bati na bati kwenye mwili wa ndege. Tuseme ni milimita tatu. Katika 1:100 unakuwa sehemu tatu za mia za milimita. Jicho zuri la binadamu, likiwa mita moja kutoka kwenye kitu, hutenganisha mistari iliyoachana kwa takriban theluthi moja ya milimita. Mwanya huo basi ni mdogo mara kumi kuliko kinachoonekana. Fundi ana njia tatu: auache kabisa, auchore kwa penseli laini uwe kivuli tu, au auchonge mpana kuliko ukweli. Akiuchonga, mara nyingi unafika nusu milimita, ambayo kwenye ndege halisi ni sentimita tano. Rubani gani angepanda ndege yenye mianya ya kuingiza vidole vitatu?

Lakini modeli ya 1:20 ni habari nyingine. Hapo mwanya ule ule ni sehemu 15 za mia za milimita, na mtu akiinama hadi nusu mita anaanza kuuona. Kwa hiyo katika 1:20 mistari ya bati ni haki yake. Katika 1:200 ni mapambo. Mimi nakiri upendeleo wangu: ndege ya abiria ya 1:100 isiyo na mstari hata mmoja, yenye umbo sahihi na rangi safi, naiona kweli zaidi kuliko ile iliyochongwa kama kigae cha bafuni.

Bawa lina tatizo hilo hilo. Ukingo wake wa nyuma ni mwembamba, milimita chache tu. Ukiupunguza mara 100 unapata kitu chembamba kuliko karatasi, ambacho rezini haiwezi kukishika bila kuvunjika kikiguswa na kitambaa cha vumbi. Fundi huacha nusu milimita, kisha huusugua uso wa chini kwa pembe ili mtu akitazama kutoka juu aone ukingo mkali. Unene upo, umefichwa tu mahali jicho halifiki. Ukitaka kujua fundi ana mkono wa namna gani, usianze na nembo. Chuchumaa, ulinganishe jicho lako na bawa, utazame ukingo huo.

Rangi nayo ina unene. Tabaka za rangi ya modeli pamoja na vanishi zinaweza kufika sehemu moja ya kumi ya milimita. Katika 1:100 hiyo ni sawa na kuipaka ndege halisi rangi yenye unene wa sentimita moja. Ndiyo sababu maandishi madogo ya mwilini huchapishwa kwenye stika nyembamba za maji na hayapigwi brashi, na ndiyo sababu fundi akikosea mara tatu huikwangua modeli yote badala ya kupaka juu ya makosa.

Kuna na hili la weusi wa rangi. Ndege ikiwa mbali, hewa iliyo katikati huipausha kidogo. Modeli iko karibu, hakuna hewa ya kuipausha, na rangi ile ile kutoka kwenye kopo lile lile inaonekana nzito na yenye giza. Mafundi wengi huongeza tone la nyeupe. Ofisi ya masoko ya kampuni, ambayo ina namba rasmi ya rangi ya nembo, huwa haitaki kusikia habari hiyo. Hapo mara nyingi fundi hushindwa, na modeli inapakwa kwa namba rasmi.

Iko angani au imeegeshwa?

Swali hili linaonekana dogo, na ndilo linaloumbua modeli nyingi za bei kubwa.

Mabawa ya ndege hunyumbuka. Yale ya 787 yakiwa angani hupinda juu, ncha zikanyanyuka takriban mita tatu. Ndege ikiwa chini imejaa mafuta, yanalala. Katika 1:100 tofauti hiyo ni kama sentimita tatu, inaonekana hata na mtoto. Modeli iliyo kwenye stendi, magurudumu yakiwa yamefichwa, inapaswa kuwa na mabawa yaliyopinda. Iliyosimama kwa magurudumu yake inapaswa kuwa na mabawa yaliyotulia. Mara ngapi umeona ndege ya kung'aa kwenye kabati la kioo, magurudumu chini, milango imefungwa, na mabawa yamekunjuka juu kana kwamba imebeba abiria mawinguni? Ni kalibu moja limetumika kwa oda mbili.

Kuna wengine hutaka "inatua": angani, magurudumu yameshushwa. Vizuri, lakini magurudumu yanayoning'inia hayakai kama yaliyobeba uzito. Nguzo zake hurefuka. Na fremu yenye magurudumu manne au sita, iliyo chini ya bawa, huinama: kwenye Boeing 777 magurudumu ya nyuma ya fremu hushuka yakatangulia kugusa lami, kwenye 767 ni kinyume, ya mbele ndiyo yanayoning'inia chini. Mhudumu wa kawaida hatajua. Fundi wa ndege atakayepita mapokezi kusubiri usaili atajua kwa mtazamo mmoja.

Vivyo hivyo mdomo wa injini ya 737. Tangu toleo la 737-300, lililoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1984, injini iliongezwa upana ilhali bawa liko karibu na ardhi, kwa hiyo waundaji wakaubonyeza mdomo wake upande wa chini. Ukiiona 737 ya kizazi hicho yenye mdomo wa duara kamili, aliyeichonga hakuwa ametazama picha hata moja ya mbele.

Vipimo vyenyewe si siri. Watengenezaji wakubwa hutoa hadharani vitabu vya kuwasaidia wapangaji wa viwanja vya ndege, vyenye urefu, upana, kimo, mahali pa milango na umbali kati ya magurudumu. Kisichokuwemo ni mikunjo: jinsi pua inavyopanda kuingia kwenye vioo vya rubani, jinsi bawa linavyoungana na tumbo. Hayo hupatikana kwa picha nyingi, zilizopigwa kwa lenzi ya mbali ili zisipindishe umbo, na kwa kuizunguka ndege yenyewe ikiwezekana. Pua ndiyo ngumu kuliko yote. Jicho letu husoma pua ya ndege kama linavyosoma uso wa mtu. Ikikosewa kwa milimita moja, unajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hujui ni kipi.

Halafu pembe. Kampuni hupenda ndege inayopaa, maana kupaa kunasemekana ni maendeleo, kwa hiyo huomba stendi iinue pua nyuzi 30 au 40. Ndege ya abiria ikiondoka hunyanyua pua nyuzi 15 hivi. Zaidi ya hapo si maendeleo, ni roketi.

Na ile inayoning'inizwa darini? Hapo umbali na pembe ya jicho ndivyo kila kitu. Jina la kampuni limeandikwa ubavuni, karibu na madirisha ya mbele. Mgeni yuko chini anatazama tumbo. Fedha zote zimetumika mahali pasipoonekana, na tumbo, lenye milango ya magurudumu, antena na mikunjo, limepakwa kijivu kimoja likaachwa. Ama tumbo lifanyiwe kazi kamili, ama ndege ilazwe ubavu kama inakata kona, uso wake wa juu ukielekea kwenye ngazi au roshani ambako watu husimama.

Kutoka kwenye mama hadi kwenye nakala

Hatua za kazi zenyewe zinaelezeka upesi. Kwanza anatengenezwa "mama", yaani umbo la asili, kwa kuchonga mbao au povu gumu, kwa mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, au kwa printa ya 3D. Mama husuguliwa, hujazwa mashimo, hupakwa rangi ya msingi, husuguliwa tena. Kisha anamwagiwa silikoni kupata kalibu, na ndani ya kalibu inamwagwa rezini. Kama modeli ni kubwa, kalibu huwa la nusu mbili na ndani yake hutandazwa fibaglasi. Gharama kubwa iko kwa mama na kalibu. Ndiyo maana modeli moja ya pekee huuma mfukoni, na kumi za namna hiyo hiyo haziumi mara kumi.

Printa ya 3D imebadilisha mengi, lakini si kwa kiwango wanachodhani wanaoagiza. Inajenga umbo tabaka kwa tabaka, na matabaka hayo huacha mistari kama ya mlima kwenye ramani. Chini ya rangi ya kijivu isiyong'aa, ya ndege ya kijeshi, pengine hutaiona. Ndege ya abiria ni nyeupe na inang'aa, na weupe unaong'aa hausamehe. Fundi huzima taa, humulika tochi kwa ubavu, akiitembeza polepole kutoka puani hadi mkiani. Mwanga unapovunjika, kuna bonde. Huweka alama kwa penseli, hupaka kijazio, husubiri, hurudi na msasa wa maji uliofungwa kwenye kibao kirefu, kwa sababu vidole vikisugua peke yake huchimba. Kisha tochi tena. Siku hizi saa chache za printa hufuatwa na siku kadhaa za msasa, na hakuna programu iliyoziondoa.

Makumbusho huuliza maswali mengine

Kampuni hununua modeli ili ipendeze leo. Makumbusho huinunua, au huipokea, ikijua kwamba aliyeisaini risiti atastaafu, na baada yake mwingine, na modeli itabaki. Swali la kwanza la mhifadhi huwa linawashangaza mafundi: imetengenezwa kwa nini, kila kitu, hadi gundi?

Ana sababu. Plastiki si kitu tulivu. Matairi laini ya plastiki ya vinili yana mafuta ya kulainishia ambayo hutoka taratibu, na yakigusa rimu za plastiki ngumu, huziyeyusha. Ukifungua kabati baada ya miaka unakuta ndege imesimama kwenye uji mweusi. Plastiki za kale za seluloidi hutoa asidi inapooza, ikala na vya jirani. Modeli za zamani za aloi ya zinki, ikiwa zinki ilikuwa na uchafu wa risasi hata kidogo, huvimba, hupasuka na kuwa vumbi zikiwa kabatini, bila kuguswa na mtu. Aloi safi zaidi zilipatikana kuanzia mwaka 1929, lakini viwanda vya vitu vya kuchezea viliendelea kuchanganya vyuma hovyo kwa miaka mingi baadaye.

Hata kabati ni mtuhumiwa. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaokula risasi, na fundi mzuri wa modeli huweka risasi puani ili ndege isikalie mkia. Mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum alibuni jaribio ambalo bado linatumika: kipande cha mbao, kitambaa au gundi unayokusudia kuitumia kinafungiwa ndani ya chupa pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi, unyevu ukiwa juu, kwa nyuzi 60 za Selsiasi, siku 28. Chuma kikibadilika rangi, kitu hicho hakiingii kabatini. Mtu wa mapokezi hana haja ya chupa hizo. Lakini angalau ajue kwamba taa kali iliyofungiwa ndani ya kioo pamoja na ndege hupasha hewa, hulegeza gundi, na kuufanya weupe ugeuke rangi ya meno ya mvuta sigara. Dirisha la kusini au la kaskazini linaloingiza jua hufanya hivyo bure, na upesi zaidi. Kwa vitu vinavyoathirika sana na mwanga, makumbusho hushuka hadi lux 50, mwanga hafifu kiasi kwamba macho yanahitaji dakika kadhaa kuuzoea.

Tofauti nyingine ni ya kuweza kurudisha kitu kilivyokuwa. Mhifadhi hutaka kila kilichoongezwa kiweze kutolewa bila kuumiza kilichokuwepo: skrubu badala ya gundi, kitako kinachoikumbatia ndege badala ya tundu lililotobolewa tumboni. Kampuni hutaka isitikisike. Ikiwa ni ya kuning'inizwa, wote wawili hukubaliana jambo moja: waya zifungwe kwenye fremu ya ndani, siyo kwenye ganda, na iwepo waya moja ya ziada isiyobeba chochote mpaka siku nyingine itakapokatika.

Rangi za nani?

Jina na nembo ya shirika la ndege ni mali yake. Jina la ndege, na mara nyingi umbo lake kibiashara, ni mali ya mtengenezaji. Shirika likiagiza modeli ya ndege yake kwa ofisi yake, hapana shida kubwa. Fundi akitaka kuziuza nakala za modeli hiyo hiyo, anahitaji leseni. Wengi hujifunza hilo kwa barua ya mwanasheria.

Kuna herufi ndogo mkiani ambazo wateja huzidharau: usajili. Zinaanza na alama ya nchi, N kwa Marekani, G kwa Uingereza, F kwa Ufaransa, na zinaitambulisha ndege moja tu. Bila hizo modeli ni ya "737 fulani". Zikiwepo, ni ya ndege ile, iliyopokelewa siku ile, yenye antena ile ambayo ndege ya mwaka uliofuata haikuwa nayo. Kwa hiyo ukiandika usajili umeahidi mambo mengi, na mpenzi wa ndege atakuja kuyahakiki yote.

Kisha shirika hubadilisha rangi. Hufanya hivyo kila baada ya miaka kadhaa, na modeli ya mapokezi hubaki na nembo ya mkurugenzi aliyepita. Huitwa fundi, huipaka upya juu ya ile ya zamani. Miaka inapita, rangi hubadilika tena, fundi anaitwa tena. Siku shirika linapofungwa au kuungana na jingine, modeli hupelekwa makumbusho ikiwa ndani ya sanduku, ubawa mmoja umevunjika, na mhifadhi akichunguza mahali ilipovunjika anaona tabaka tatu za rangi, moja juu ya nyingine, kama pete za mti.

Hapo ndipo ubishi huanza. Mwingine anasema ikwanguliwe hadi tabaka la kwanza, ndiyo ndege kama ilivyotoka kwa fundi. Mwingine anasema ibaki na ya mwisho, kwani ndivyo watu walivyoiona. Wa tatu huchukua kisu kidogo cha daktari wa upasuaji na kufungua kidirisha chini ya mkia, nusu sentimita kwa nusu sentimita, rangi zote tatu zionekane kwa ngazi, kisha anaacha hapo, anaunganisha ubawa, na kuandika kwenye kadi ni kisu gani, siku gani, na mkono wa nani.